Habu za Mbele Hupimwa Kabla ya Tope

Gari limezama hadi kwenye ekseli. Dereva ameshavuta kile kigia kifupi mpaka H4, taa ya fowili inawaka kwenye dashibodi, dizeli inanguruma, na magurudumu ya nyuma yanazidi kuchimba. Ya mbele yametulia tu. Hapo ndipo hukumu zinapoanza kutolewa: difu imekufa, gia boksi imekula meno, gari lenyewe lilikuwa bovu tangu siku ya kununuliwa. Mara nyingi hakuna hata kimoja kati ya hivyo. Kilichogoma ni kile kitasa cha duara katikati ya gurudumu la mbele, kilichoandikwa FREE na LOCK, ambacho wenye magari wengi hawakigusi toka masika moja hadi nyingine.

Naandika haya kwa mwenye Land Cruiser mkonga, Hilux ya zamani, Patrol, au gari jingine la kazi ambalo fowili yake ni ya kuingiza na kutoa. Ninalotaka ulishike ni hili: habu moja ikigoma, gurudumu la upande wa pili nalo halivuti. Hubaki na magurudumu matatu yanayofanya kazi. Unabaki na mawili, yaleyale ya nyuma. Na ndani ya gari hakuna kitu cha kukuambia, kwa sababu ile taa inawashwa na swichi iliyoko kwenye transifa. Ikiwaka, maana yake gia ya transifa imeingia na propela ya mbele imeunganishwa. Kama nguvu hiyo inafika kwenye tairi au inaishia njiani, taa haijui.

Sababu iko kwenye difu. Difu ya kawaida, isiyo na loki, hupeleka mzunguko kule kunakozunguka kirahisi. Habu ya kulia ikiwa wazi, shafti ya kulia haina mzigo wowote. Itazunguka yenyewe ndani ya ekseli, usikoiona, na gurudumu la kushoto litasimama hata kama habu yake imefunga sawasawa. Ndiyo maana fundi anayeona tairi la kushoto limesimama akaanza kufungua upande huohuo anaweza kushinda kutwa akisafisha habu nzima, huku mgonjwa yuko upande wa pili. Gari lenye loki ya difu ya mbele ndilo pekee linalonusurika: ukiibonyeza loki hiyo, upande wenye habu nzima utavuta.

Inafaa kujua habu hizi zilikujaje, maana historia yake inaeleza kazi yake. Jeep za Willys za wakati wa vita zilikuwa na shafti za mbele zilizofungwa moja kwa moja kwenye magurudumu, kwa hiyo hata ukiwa barabarani bila fowili, shafti, difu na propela ya mbele vyote vilizunguka bure, vikila mafuta na kujichosha. Mwaka 1948 Arthur Warn wa Seattle, Marekani, akaanza kutengeneza habu ambazo dereva anaweza kuzifungua akiwa kwenye lami na kuzifunga anapoingia porini. Kampuni za Japani zikafuata njia hiyo, na Land Cruiser za 70, zilizotoka mwaka 1984, zimetuzoesha habu za mkono kiasi kwamba dereva wa Loliondo au wa Marsabit anazizungusha bila hata kuangalia.

Ndani yake hamna mambo mengi. Kuna mwili wa nje uliofungwa kwa nati sita kwenye habu ya gurudumu, nao unazunguka na tairi. Kuna kitovu cha ndani kilichovaa mifereji ya shafti, kinachozunguka na shafti. Kati yao kuna pete yenye meno, inayoteleza mbele na nyuma. Ikirudi nje, tairi na shafti kila mmoja na lake. Ikiingia ndani, inawashika wote wawili wakawa kitu kimoja.

Sasa angalia kitu ambacho wengi hawakijui. Kitasa unachozungusha hakiisukumi pete hiyo moja kwa moja. Kinaikaza springi, na springi ndiyo inayoisukuma. Kama meno hayajatazamana, pete itasubiri mpaka gari lisogee kidogo ndipo iingie. Kwa hiyo ukishazungusha mpaka alama ifike LOCK, weka H4 na usogee mita moja au mbili taratibu kabla ya kuamini kwamba umefunga. Ukikuta kitasa ni kigumu, usikimbilie koleo wala nyundo. Sogeza gari kidogo mbele au nyuma, kisha jaribu tena kwa vidole. Kitasa kizima huzungushwa kwa mkono. Kinachohitaji koleo kinaomba kufunguliwa na kusafishwa, na ukikilazimisha utavunja masikio yake yanayoshika springi.

Kupima uwanjani

Kazi hii ifanywe nyumbani au gereji, pakavu na pasawa, wiki chache kabla ya mvua. Weka kabari magurudumu ya nyuma, inua ekseli ya mbele, na uikalishe juu ya stendi imara ili matairi yote mawili yawe hewani. Usitegemee jeki peke yake. Kigia kiwe H2, habu zote FREE.

Zungusha tairi la kulia kwa mkono. Litakwenda jepesi, na utasikia pedi za breki zikigusagusa diski, basi. Propela ya mbele isisogee. Kisha funga habu ya kulia tu na uzungushe tena. Sasa tairi liwe zito kidogo, na ukitega sikio karibu na difu utasikia gia zikitembea ndani ya oili. Kama uzito haujabadilika na difu iko kimya, habu ya kulia haishiki. Irudishe FREE, nenda kushoto, fanya vilevile. Kulinganisha pande mbili ndiko kunakokupa jibu, kwa sababu kila gari lina uzito wake na huwezi kuujua mpaka umeuhisi kwa mikono yako.

Jaribio la mwisho ni la kufunga zote mbili, kuweka H4, na kuliacha gari ndani ya gia na injini imezimwa. Propela sasa imeshikwa. Ukizungusha tairi la kulia kwenda mbele, la kushoto lirudi nyuma. Likibaki limesimama huku lako linazunguka, kuna habu iliyodanganya, na lile jaribio la kwanza limeshakuonyesha ni ipi.

Ukiwa bado na tairi hewani, lishike juu na chini ulitikise. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki na utikise tena. Mchezo ukiisha, beringi za gurudumu zimelegea. Ukibaki, tatizo liko kwenye beringi za kingipini. Hili linahusu habu moja kwa moja: gurudumu linaloyumba hufanya shafti na mwili wa habu visikae kwenye mstari mmoja, na hapo mifereji inalika, stadi zinakatika, kisha lawama anapewa aliyeuza habu.

Kusikiliza

Milio ya mbele huwachanganya hata mafundi wazoefu, lakini habu yenyewe inakusaidia kuchambua. Ikiwa FREE, shafti na jointi ya sivii havizunguki. Kwa hiyo mlio unaosikika ikiwa LOCK na kupotea ikiwa FREE unatoka kwenye jointi, kwenye shafti, kwenye difu au kwenye meno ya habu. Unaobaki hata ikiwa FREE ni wa beringi, breki au tairi.

Kutenganisha jointi na habu si kazi ngumu. Jointi iliyochoka hulia tak-tak unapokata kona kali na kukanyaga mafuta. Habu iliyochoka huruka meno hata ukiwa umenyoosha, hasa ukipanda mlima kwa L4: gari linavuta, linastuka, linavuta tena. Ukisikia hivyo acha kukanyaga. Kila ruko moja linapunguza kingo za meno, na meno yaliyokwisha kuwa mviringo hayana dawa isipokuwa kubadilishwa.

Mlio wa kukwaruza ikiwa FREE, hasa kwenye barabara mbovu, mara nyingi ni pete isiyorudi nje mpaka mwisho. Ama springi imevunjika, ama grisi imeganda, ama kitasa hakikufika kwenye alama. Mwendo wa namna hiyo hadi mji wa mbali unaweza kuimaliza habu nzima.

Kufungua

Mfuniko wa habu za Land Cruiser na Hilux hushikwa na bolti ndogo sita, spana namba 10. Weka alama ya chaki kabla ya kuufungua. Mfuniko utatoka na pete yake, na hapa simama kidogo, uangalie kabla ya kufuta chochote. Hali ya grisi iliyomo itakuambia zaidi kuliko maelezo ya mtu yeyote.

Grisi safi, kidogo, ya rangi yake: hakuna tatizo hapo. Nyeupe kama maziwa: maji yameingia, na yameingia pia kwenye beringi zilizo nyuma yake, kwa hiyo usiishie kwenye mfuniko. Nyekundu ya kutu na ngumu: gari limekaa muda mrefu bila habu kuzungushwa. Nyembamba, nyeusi, inayonuka oili ya difu: sili ya ndani ya ekseli imekwisha, oili imepita hadi kwenye nakoli, ikayeyusha grisi ya jointi, na sasa mchanganyiko huo umefika mpaka nje. Huo si ugonjwa wa habu. Ukiifuta ukafunga utakuwa umepaka rangi juu ya ufa, maana jointi inaendelea kusaga bila grisi yake. Ona pia kama kuna vumbi la chuma linalometameta ndani ya grisi. Sugua kidogo kati ya vidole, utalihisi.

Kwenye ncha ya shafti kuna saklipu. Itoe kwa koleo yake, si kwa bisibisi, kwani ikipinda haishiki tena. Kisha fungua nati sita za mwili wa habu, spana namba 12. Chini ya kila nati kuna washa yenye umbo la koni, na hapa ndipo wengi wanapoharibu mambo. Koni hizo hujikaza ndani ya tundu na hazitoki kwa kuvutwa. Wapo wanaozichokonoa kwa patasi, au wanaoupiga mwili wa habu mpaka unapasuka. Njia iliyo salama ni kuirudisha nati mpaka ilingane na ncha ya stadi, kuweka kipande cha shaba juu yake, na kupiga kwa nyundo mapigo makali machache. Koni italegea na kuruka. Nati ile inazilinda nyuzi za stadi, na shaba ni laini, haijeruhi chuma.

Osha kila kitu kwa mafuta ya taa au dizeli, tumia mswaki kwenye meno, kisha kausha kabisa. Petroli haifai, kwa moto wake na kwa kukausha raba. Raba ya duara iliyoko kwenye kitasa ndiyo inayozuia maji. Ikiwa imekakamaa au ina mkato, badilisha. Angalia kingo za meno ya pete kwenye mwanga wa jua. Ziwe kali na sawa pande zote.

Kwenye grisi naomba unisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo pana makosa mengi kuliko mahali pengine pote. Habu haijazwi grisi. Beringi ndizo zinazojazwa. Jointi nayo hupewa grisi nyeusi yenye molibdeni. Ndani ya habu unapaka utando mwembamba tu wa grisi ya lithiamu kwenye mifereji, meno na springi, ukiishia pale chuma kinapong'aa. Ukiijaza, springi haina nguvu ya kuisukuma pete kupitia grisi nzito, na asubuhi ya baridi kule Makete au Njombe kitasa kitazunguka mpaka LOCK huku pete imebaki palepale. Dereva ataona alama iko sawa, akaingia kwenye utelezi kwa imani.

Ikiwa umefika hadi kwenye beringi, utahitaji soketi ya 54 kwa nati kubwa za Toyota. Kuzifungua kwa patasi na nyundo ni mazoea ya gereji nyingi, na dalili yake ni zile kingo zilizojaa majeraha. Soketi hiyo si ghali ukilinganisha na seti ya beringi. Nunua yako uende nayo.

Kwenye kufunga, weka gasketi mpya. Ukikosa ya dukani, karatasi ngumu ya gasketi iliyokatwa vizuri inafaa. Silikoni ipakwe kidogo sana, maana inayozidi hujiminya kuingia ndani na kukwamisha pete. Nati za mwili hukazwa kwa Nm 31 hivi na bolti za mfuniko kwa Nm 10 hivi. Hizo za mfuniko zinaingia kwenye aluminiamu, na mkono wenye nguvu unazichana nyuzi bila kujua. Kitasa kiwe FREE wakati wa kurudisha mfuniko. Ukimaliza, kabla ya kushusha gari, rudia jaribio la kuzungusha matairi. Kisha baada ya safari ya kwanza zipitie tena zile nati sita kwa toki renchi. Nati zikilegea, mzigo wote unahamia kwenye stadi, na stadi zikikatika ukiwa katikati ya mto, habu itabaki mkononi mwako.

Kuhusu spea: Kariakoo au Kirinyaga Road utapata habu za bei tatu au nne tofauti, zote ndani ya boksi zuri. Zishike mkononi. Zungusha kitasa kiende na kurudi, sikiliza kama pete inaruka kwa nguvu ya springi au inajivuta. Tazama ukali wa meno. Kwa maoni yangu, habu kuukuu ya asili iliyosafishwa na kuwekewa raba na springi mpya ni bora kuliko mpya isiyojulikana ilikotoka, na sitasita kusema hivyo mbele ya muuzaji yeyote.

Zile za AUTO, zilizoko kwenye baadhi ya Patrol na magari mengine, hujifunga zenyewe propela ya mbele inapoanza kuvuta, na hujifungua ukirudi H2 na kurudi nyuma kidogo. Ni rahisi kwa dereva, lakini hazipendi kusukumwa mbele na nyuma kwa pupa ukiwa umekwama. Kila unapogeuza mwelekeo zinaweza kuachia na kushika upya kwa kishindo. Kama yako ina nafasi ya LOCK ya mkono, itumie porini. Suzuki Jimny hutumia mvuto wa hewa kupitia mipira midogo, na hapo kagua mipira kwanza kabla ya kulaumu habu. Mpira uliopasuka kwa jua hauonekani kwa haraka.

Matumizi

Kipindi cha mvua, ziache LOCK hata ukiwa kwenye lami, mradi kigia kiwe H2. Hakuna kinachoharibika, utaongeza mafuta kidogo na mzunguko wa shafti. Kinachoharibu ni H4 kwenye lami kavu. Kwenye kona magurudumu ya mbele hutembea umbali tofauti na ya nyuma, na kwa kuwa yamefungwa pamoja na lami haitelezi, mkazo unajilimbikiza kwenye shafti na gia. Baadaye ukitaka kufungua, kigia hakitoki na kitasa hakizunguki. Dawa yake ni kurudi nyuma mita chache ukiwa umenyoosha, au kupitisha tairi kwenye mchanga wa pembeni, mkazo uachie wenyewe.

Kiangazi nacho kina sharti lake. Mara moja kila mwezi funga habu, weka H4 kwenye barabara ya vumbi, na utembee kilomita 16 hivi. Oili ya difu itapanda kwenye gia, sili zitabaki na unyevu, na pete haitashikwa na kutu. Wanaopita pwani ya Saadani au magadi ya Ziwa Natron wasisubiri mwezi, na wakirudi waoshe kwa maji mengi yasiyo na presha. Mashine ya presha ya kuoshea magari isielekezwe kwenye kitasa kamwe, inapenya raba.

Kabla ya kushuka kreta ya Ngorongoro, au mteremko wowote wa aina hiyo, teremka uziangalie zote mbili kwa macho yako. L4 bila habu kufungwa inakupa breki ya injini kwenye magurudumu ya nyuma tu, na nyuma ndiko kunakokuwa kwepesi gari linapoinamia mbele. Mazungumzo haya yanafanyika kila siku: "Umefunga?" "Nimefunga, kaka." Utingo hajasema uongo, amefunga upande aliokuwa amesimama. Vijana wa kuosha gari na watoto wa mtaani nao huvizungusha vitasa kwa kuchezea gari likiwa limeegeshwa. Zunguka mwenyewe.

Ikiwa pete imegoma ukiwa porini, spana yako ya 10 inatosha. Fungua mfuniko, safisha meno kwa kitambaa na dizeli kidogo, sukuma pete kwa vidole mpaka uone kama inateleza, kisha rudisha. Ikiwa meno yamekwisha, weka zote mbili FREE na utafute njia kavu. Wanaokwenda mbali, Turkana au ndani kabisa ya Hifadhi ya Nyerere, wabebe habu moja ya akiba iliyokwisha kupimwa, saklipu mbili, stadi chache na koni zake.

Na habu nzima zina faida moja ambayo haisemwi sana. Shafti ya nyuma ikikatika kwenye Land Cruiser ya mkonga, unaweza kuitoa pamoja na mwenzake na propela ya nyuma, kwa kuwa gurudumu linabaki limeshikwa na beringi zake, ukaziba matundu ili oili isimwagike na mchanga usiingie. Funga habu za mbele, weka H4, na gari litavutwa na magurudumu ya mbele peke yake hadi nyumbani. Nenda polepole, na usikate kona kali ukiwa umekanyaga mafuta, kwa sababu mzigo wote sasa uko kwenye jointi mbili na pete mbili za meno.